Waranti ya nyumba Marekani au akiba yako mwenyewe: ipi inakufaa?

Ukinunua nyumba Marekani, iwe Columbus, Dallas au Minneapolis, utaulizwa kuhusu waranti ya nyumba kabla hujakabidhiwa ufunguo. Ukishasaini, barua zinaanza kumiminika: "Taarifa ya mwisho", "Waranti yako inakaribia kuisha", nyingine zikiwa na jina la benki iliyokukopesha juu kabisa. Benki haikuzituma. Hati za nyumba ni kumbukumbu za wazi kwenye kaunti, na kampuni yoyote inaweza kusoma jina lako, tarehe uliyonunua na aliyekukopesha. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, imeshawaonya wananchi kuhusu barua za namna hii. Zitupe, kisha ukae na hesabu.

Waranti ya nyumba ni mkataba wa matengenezo, kwa kawaida wa mwaka mmoja. Unalipa takriban dola 400 hadi 900 kwa mwaka kutegemea mpango, na kila kitu kinapoharibika unalipa tena ada ya fundi kuja, dola 75 hadi 150. Fundi anachaguliwa na kampuni. Biashara hii ilianza mwaka 1971 na American Home Shield, na kiini chake hakijabadilika: kampuni inalipia vifaa vilivyochakaa kwa matumizi ya kawaida, mpaka kikomo kilichoandikwa kwa kila kifaa.

Msimamo wetu ni huu. Kwa nyumba nyingi, akiba yako pamoja na nyongeza mbili za bei nafuu kwenye bima ya nyumba zinashinda waranti. Waranti inashinda pale mambo matatu yanapokutana: vifaa vimezeeka lakini bado vinafanya kazi, akiba imekauka baada ya malipo ya awali ya nyumba, na vikomo vya mkataba ni vikubwa. Likikosekana moja, faida inaanza kuyeyuka. Ila muuzaji akikubali kukulipia mwaka wa kwanza, chukua bila kusita. Mkataba wa namna hiyo mara nyingi huanza siku ya kukamilisha mauzo, bila siku 30 za kusubiri anazowekewa anayenunua baadaye.

Kitu kimeharibika: nani analipa?

| Kilichotokea | Waranti ya nyumba | Bima ya nyumba | Waranti ya kiwanda | Ukijilipia |
|---|---|---|---|---|
| Kapasita ya kiyoyozi (kipuri kidogo kinachosaidia mota kuwaka) imekufa | Inalipa. Wewe unatoa ada ya fundi | Hailipi | Kipuri tu, kama muda haujaisha | Dola 150–400 |
| Hita ya maji ya miaka 11, tangi linavuja | Mara nyingi inalipa hadi kikomo. Kibali na marekebisho ni juu yako | Hailipi hita. Inaweza kulipia sakafu iliyoharibiwa na maji ya ghafla | Kwa kawaida imeisha | Dola 1,200–2,500 |
| Radi imeunguza bodi ya hita ya nyumba | Kwa kawaida hailipi | Inalipa, ukitoa sehemu yako ya kwanza (kiasi unachojilipia kabla bima haijaanza kulipa) | Hailipi | Mamia ya dola |
| Kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) ya kiyoyozi cha miaka 14 imekwama | Inalipa hadi kikomo, na hapa ndipo ubishi unapoanzia | Hailipi uchakavu | Imeisha | Dola 5,000–10,000 ukibadilisha mfumo |
| Mizizi imepasua bomba la majitaka uani | Hailipi, isipokuwa umenunua nyongeza | Hailipi bila nyongeza ya mabomba ya ardhini | Haihusiki | Maelfu ya dola |

Safu ya waranti ya nyumba na safu ya bima hazigombanii kazi moja. Bima inasubiri tukio la ghafla: moto, upepo, mvua ya mawe, bomba kupasuka. Waranti inasubiri uzee. Anayekuambia kwamba waranti inaweza kuchukua nafasi ya bima ya nyumba anakupotosha, na benki iliyokukopesha haitakubali uishi bila bima.

Hesabu ya miaka mitano

Chukua nyumba ya kawaida yenye vifaa vya umri wa kati, na mkataba wa dola 650 kwa mwaka wenye ada ya dola 100 kwa kila ziara ya fundi. Tuseme katika miaka mitano unapata matengenezo madogo matano ya wastani wa dola 250 kila moja (kapasita, pampu ya mashine ya kuosha vyombo, kiwashio cha hita, bomba linalovuja, swichi ya mashine ya kufulia) na hita moja ya maji ya dola 1,800.

Ukijilipia, umetumia dola 3,050.

Ukiwa na waranti, umelipa dola 3,250 za mkataba, dola 600 za ziara sita, na tuseme dola 300 za kibali na marekebisho ya mabomba ambayo mkataba haugusi. Jumla dola 4,150. Umepoteza dola 1,100, na hapo hatujahesabu kwamba bei ya mkataba hupanda mara nyingi unapoongeza mwaka.

Sasa ongeza kiyoyozi kufa katika mwaka wa nne, kazi ya dola 8,000. Ukijilipia unafika dola 11,050. Kwa waranti, kila kitu kinategemea namba moja ndani ya mkataba. Kikomo kikiwa dola 1,500, jumla yako ni dola 10,750. Umeokoa dola 300 tu kwa miaka mitano ya kulipa. Kikiwa dola 3,000, jumla ni dola 9,250. Kikiwa dola 5,000, inashuka hadi dola 7,250, na hapo kweli umelindwa. Mikataba miwili inaweza kulingana bei huku mmoja ukikulinda na mwingine ukikuacha mkono mtupu. Ndiyo maana tunashauri usilinganishe bei ya mwezi kabla hujafungua ukurasa wa vikomo.

Hesabu hii usiifanye kwa kubahatisha umri wa vifaa. Kila kifaa kina kibandiko chenye namba ya mfululizo. Kwenye hita nyingi za maji za Rheem, tarakimu nne za mwanzo ni mwezi au wiki, kisha mwaka wa kutengenezwa. Kwenye viyoyozi vya Carrier ni wiki na mwaka, kwa hiyo 3411 ni wiki ya 34 ya 2011. Hita ya maji ya tangi huishi miaka 8 hadi 12, kiyoyozi cha nyumba nzima 10 hadi 15, hita ya nyumba ya gesi 15 hadi 20, mashine ya kuosha vyombo karibu 10. Kifaa kikiwa kimebakiza miaka miwili mitatu, waranti ina kazi ya kufanya. Vyote vikiwa nusu ya umri, unalipia amani ya moyo ambayo akaunti ya akiba ingekupa bila kukutoza.

Kiyoyozi ndiko pesa iliko

Kapasita, kontakta na mota ya feni ya nje ni matengenezo madogo. Kapasita yenyewe dukani mara nyingi haifiki dola 40. Kinachogharimu ni fundi kuja. Kampuni hulipa haya bila maneno mengi. Kompresa ikikwama au koili ya ndani ikianza kuvuja gesi, mazungumzo yanabadilika.

Sababu kubwa ni gesi yenyewe, ile inayopoza ndani ya kiyoyozi. Utengenezaji na uingizaji wa R-22, gesi ya mifumo ya zamani, nchini Marekani ulikoma Januari 1, 2020. Inayouzwa sasa ni ya akiba au iliyosafishwa upya, na bei yake inauma. R-410A iliyoirithi nayo imefikiwa na zamu: tangu Januari 1, 2025 utengenezaji wa mifumo mipya ya viyoyozi vya nyumba umehamia kwenye gesi kama R-454B na R-32. Vipuri vya kukarabati mifumo ya R-410A iliyokwisha kufungwa bado vipo, na huo ni unafuu. Lakini mashine mpya ya nje ya R-454B haifungwi kwenye koili ya ndani ya R-410A. Mashine ya nje ikifa na ikaletwa ya gesi mpya, utahitaji koili mpya pia, na pengine sensa ya kugundua uvujaji, kwa kuwa gesi hizi mpya zinashika moto kwa kiwango kidogo.

Mkataba ukisema unalipa "kifaa kilichoharibika" peke yake, koili hiyo ni mzigo wako. Tafuta maneno yanayohusu mifumo isiyolingana, marekebisho ya lazima, na gharama za kutimiza kanuni za ujenzi. Angalia pia nani analipia kuondoa gesi ya zamani, kibali cha mji, kubeba mashine kuukuu, na kreni kama mashine iko juu ya paa. Mipango ya bei ya juu huwa na bajeti ndogo ya vitu hivi. Ya bei ya chini huviacha vyote.

Jambo jingine linalowashtua watu: kampuni inaweza kuamua kukupa pesa badala ya kifaa. Kiasi hicho hupigwa kwa bei ambayo kampuni ingenunulia, wala si bei utakayotozwa na fundi wa mtaani kwako. Usikubali kwenye simu. Omba mchanganuo kwa maandishi, kisha tafuta makadirio mawili ya mafundi wenye leseni ujue pengo ni kubwa kiasi gani.

Na kuna suala la muda. Wiki ya joto kali Texas, mafundi wote wana foleni, na aliye kwenye orodha ya kampuni anaweza kukufikia baada ya siku kadhaa. Anayejilipia anapiga simu kwa mafundi watano na kumchukua wa kwanza anayepatikana. Kwenye nyumba yenye mtoto mchanga au mzee mgonjwa, uhuru huo ni sehemu ya hesabu.

Kwa nini madai hukataliwa

Sababu ya kwanza ni hitilafu iliyokuwepo kabla ya mkataba. Mikataba mizuri hulipia hitilafu ya zamani kama haikuweza kuonekana kwa macho au kwa jaribio rahisi la kuwasha kifaa. Mikataba dhaifu haina kipengele hicho. Ripoti ya mkaguzi wa nyumba inakata pande zote mbili hapa. Ikisema kiyoyozi kilipoza vizuri siku ya ukaguzi, ni ushahidi wako. Ikisema koili ina kutu na kifaa kiko mwishoni mwa maisha yake, kampuni itausoma mstari huo kwanza.

Ya pili ni ukosefu wa matunzo. Kichujio cha hewa cha inchi moja kinapaswa kubadilishwa kila mwezi mmoja hadi mitatu. Kikiziba, hewa haipiti, koili inaganda barafu, gesi inarudi kwenye kompresa ikiwa bado kimiminika, na kompresa inakufa. Fundi akifika, kichujio kichafu ndicho atakachokipiga picha mapema. Andika tarehe kwenye fremu ya kichujio kwa kalamu, piga picha, hifadhi risiti. Fanya vivyo hivyo kwa hita ya maji: toa mashapo kupitia valvu ya chini mara moja kwa mwaka, hasa penye maji magumu, kwa sababu mikataba kadhaa inakataa uharibifu uliotokana na mashapo na chokaa.

Sababu ya tatu ni ufungaji mbovu. Fundi wa zamani asiyechukua kibali, bomba la moshi lenye kipimo kisicho sahihi, waya mwembamba kuliko unavyotakiwa: hivi vyote hutosha kukataa dai hata kama wewe hukuvigusa.

Ya nne inaumiza kwa kuwa ingeepukika kabisa. Mtu anamwita fundi wake kwanza, kifaa kinafunguliwa au kutengenezwa, kisha anapeleka risiti. Bila idhini ya kampuni kabla ya kazi, risiti hiyo kwa kawaida hailipwi.

Njia nyingine ambazo hazitangazwi sana

Mpigie wakala wako wa bima ya nyumba uulize nyongeza mbili. Ya kwanza inahusu kuharibika kwa mitambo: mota kuungua, umeme kupanda ghafla, bodi kufa. Mara nyingi huongeza dola chache tu kwa mwezi, na kikomo chake ni makumi ya maelfu ya dola, ingawa unatoa sehemu yako ya kwanza, mara nyingi dola 500, na haigusi uchakavu wa taratibu. Ya pili inahusu mabomba na nyaya zilizofukiwa kati ya nyumba na barabara. Bei yake nayo ni ndogo, na bomba la majitaka ni miongoni mwa matengenezo yanayovunja akiba za watu. Tungezinunua hizi mbili kabla ya kugusa waranti yoyote.

Kampuni za gesi na umeme nazo zina mipango ya matengenezo. Minnesota kuna Home Service Plus ya CenterPoint Energy.  Unachagua kifaa kimoja kimoja, kwa mfano hita ya nyumba peke yake, na unalipa kwenye bili yako. Uliza jambo moja tu: inalipia kukarabati, au na kubadilisha? Mipango ya aina hii mingi inakomea kwenye kukarabati.

Nyumba mpya ina ulinzi wake tayari. Mjenzi kwa kawaida hutoa mwaka 1 kwa kazi na vifaa, miaka 2 kwa mifumo ya mabomba, umeme na hewa, na miaka 10 kwa kasoro kubwa za muundo. Kiwanda cha kiyoyozi mara nyingi hutoa miaka 5 kwa vipuri, au 10 ukisajili kifaa ndani ya siku 60 hadi 90 baada ya kufungwa. Usajili ni bure na unachukua dakika chache, na bado watu wengi wanausahau. Ukinunua nyumba ya mtu, muulize muuzaji kama waranti ya kiwanda inahamishika. Baadhi ya viwanda vinataka ombi ndani ya muda maalumu baada ya mauzo.

Akiba nayo ina utaratibu wake. Dola 55 kwa mwezi ni karibu sawa na mkataba wa dola 650. Ziweke kwenye akaunti tofauti inayolipa riba, lengo la kwanza likiwa dola 2,500, kiasi kinachobeba hita ya maji. Sehemu ndogo itumie kwa matunzo yanayorefusha maisha ya vifaa: fimbo ya anodi ndani ya hita ya maji huliwa na kutu badala ya tangi, inauzwa karibu dola 20 hadi 50, na hufunguliwa kwa soketi ya inchi 1 na 1/16 baada ya kuzima gesi au umeme na kufunga maji. Iangalie kila miaka mitatu hivi.

Nani anunue, nani aache

Familia iliyonunua nyumba ya 1998 kwa malipo ya awali ya asilimia 3, imebaki na dola 1,500 benki, kiyoyozi kina miaka 14 na hita ya maji miaka 10, vyote vikifanya kazi siku ya ukaguzi: nunua, au bora zaidi mtake muuzaji alipie. Tumia mwaka huo au miwili kujenga akiba, kisha uache. Waranti hapa ni daraja. Ukiishi juu yake miaka kumi, umelipia kiyoyozi bila kukimiliki.

Nyumba ya 2021 yenye vifaa vilivyosajiliwa: acha.

Anayejua kubadilisha kapasita na kiwashio mwenyewe, au ana ndugu fundi mwenye leseni anayeaminika: acha. Matengenezo madogo, ambayo kampuni hulipa bila maneno mengi, unayamaliza mwenyewe.

Mwenye nyumba ya kupangisha anayeendesha lori majimboni wiki nzima, au muuguzi wa zamu mbili asiye na muda wa kumsaka fundi, yuko katikati. Anachonunua zaidi ni mtu wa kumpangia fundi. Lakini mpangaji hatakusubiri kwa sababu kampuni inasubiri idhini, na sheria ya jimbo inakudai wewe urudishe joto ndani ya nyumba. Mwenye nyumba kama huyu ahakikishe mkataba unaruhusu nyumba ya kupangisha, na awe na akiba ya dharura vilevile.

Ukiamua kununua

Omba nakala kamili ya mkataba kabla ya kutoa namba ya kadi. Kijitabu cha rangi hakikufungi wewe wala kampuni. Andika pembeni namba tano: kikomo cha kiyoyozi, cha hita ya nyumba, cha hita ya maji, kikomo cha jumla kwa mwaka, na ada ya fundi. Uliza kama ada inatozwa tena fundi wa pili akija kwa tatizo lilelile. Mikataba mingi hudhamini kazi kwa siku 30. Thibitisha leseni: California ni Idara ya Bima ya jimbo, Florida ni Ofisi ya Usimamizi wa Bima, Texas ni Idara ya Leseni na Udhibiti, TDLR, iliyopokea jukumu hilo 2021. Dalali akikusukuma kwa kampuni moja, muulize waziwazi kama analipwa nayo. Kwa tafsiri ya sheria iliyotolewa na HUD, wizara ya nyumba ya shirikisho, Juni 2010, hapaswi kupokea malipo kwa kukuelekeza tu.

Kama Kiingereza cha kwenye simu kinakuchosha, fungua madai yako kwenye tovuti. Kila jibu linabaki kwenye maandishi. Dai likikataliwa, taka barua inayotaja kipengele cha mkataba, kisha mlipe fundi mwenye leseni aandike chanzo cha kuharibika kwa maneno yake. Peleka vyote viwili kwa kampuni kama rufaa, na nakala kwa msimamizi wa jimbo au Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Mikataba mingi inakulazimisha kwenda kwenye usuluhishi badala ya mahakama, lakini huacha mlango wa mahakama ya madai madogo wazi. Soma kipengele hicho kabla ya kukata tamaa.

Kuvunja mkataba ndani ya siku 30 za mwanzo kwa kawaida hurudisha pesa zako zote kama hujadai chochote. Baada ya hapo unarudishiwa sehemu ya muda uliobaki, ikikatwa ada ya usimamizi na gharama ambazo kampuni imeshalipa. Mingi hujiongeza yenyewe mwaka ukiisha, kwa bei mpya, kwenye kadi ileile. Weka kikumbusho siku 45 kabla ya tarehe hiyo, tuma barua pepe ya kusitisha, na uhifadhi jibu lao.